Ndege za kivita za mitumba: bei tunayotajiwa na bei inayolipwa

Novemba 2025 Romania ilinunua ndege za kivita 18 aina ya F-16 kutoka Uholanzi kwa euro 1. Siyo euro 1 kwa kila ndege, bali euro 1 kwa zote 18. Habari hiyo ilisambaa haraka, na wengi walioisambaza waliishia kwenye kichwa chake. Waliosoma hadi chini walikuta jambo jingine: Romania ilitakiwa kulipa kodi ya ongezeko la thamani ya euro milioni 21, kwa kuwa ndege hizo pamoja na vifaa vyake vilithaminishwa kuwa euro milioni 100. Ndege zilizotolewa karibu bure zilikuwa zimeshakula milioni 21 kabla hazijaruka hata saa moja zikiwa mali ya Romania.

Siwalaumu Waromania. Ndege hizo zilikuwa tayari ziko katika kambi yao ya Fetești, zikitumika kufundishia marubani wao na wa Ukraine. Isitoshe, nchi hiyo ilijifunga na F-16 tangu mwaka 2013, na mwaka 2022 ikasaini kununua nyingine 32 kutoka Norway kwa euro milioni 388. Ina mafundi, ina vipuri, ina mikataba ya matengenezo. Kwa aliyejipanga hivyo, ndege 18 za ziada ni neema. Ninachokihofia ni namna habari hii inavyosomwa katika nchi ambazo hazijajipanga, zetu zikiwemo: kwamba kumbe jeshi la anga linaweza kujengwa kwa bei ya chee, ni suala la kumpata muuzaji mwenye huruma.

Muuzaji hana huruma, ana haraka. Denmark, Norway, Uholanzi na Ubelgiji zilianza kuzipokea F-16 zao miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980, zikaziboresha katikati ya maisha yake, na sasa zimehamia au zinahamia kwenye F-35, ndege mpya zaidi. Ndege inayostaafu bado inataka hanga, ulinzi na mafundi. Kumpa mshirika wa kisiasa kwa bei ndogo kunaondoa mzigo na kuleta urafiki kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo bei ya kununulia inapangwa na shida ya anayeuza, wala haimwambii mnunuzi kitu kuhusu kitakachofuata.

Kinachofuata kinaanzia kwenye kitabu cha kumbukumbu za ndege. Ndege ya kivita huchakaa kwa saa zaidi ya miaka. F-16 nyingi zilisanifiwa kuruka saa 8,000 hivi, na Marekani imezifanyia baadhi ya zake kazi ya kuimarisha kiunzi ili zifike saa 12,000. Rubani akikata kona kali, mwili mzima wa ndege hubeba hadi mara 9 ya uzito wake, na kila kona kama hiyo huacha alama ndani ya chuma. Nyufa hizo hazionekani kwa macho. Mafundi huzitafuta kwa eksirei na kwa mawimbi ya sauti, paneli moja baada ya nyingine, kazi ya wiki nyingi kwa ndege moja. Mnunuzi anayeletewa ndege iliyobakiza saa 1,500 amenunua kitu tofauti kabisa na aliyepata yenye saa 4,000, hata kama zote mbili zimepakwa rangi jana.

Kuna vitu vingine havijali hata saa. Chini ya rubani kuna kiti kinachomrusha nje ndege ikishindikana. Kinasukumwa na baruti na roketi ndogo, na vitu hivyo vina tarehe ya mwisho wa matumizi. Tarehe ikifika vinabadilishwa, hata kama ndege imelala hangani mwaka mzima bila kuruka. Usipovibadilisha unamkalisha kijana wa watu juu ya kiti ambacho hakuna anayeweza kuapa kwamba kitafanya kazi siku ya siku. Gharama hii huioni kwenye picha ya mawaziri wakisaini mkataba, lakini inakuja kila mwaka, na inalipwa kwa dola.

Hesabu iliyo wazi kuliko zote ninazozijua ilifanywa Canada, na inafaa kukaa nayo kidogo.

Mwaka 2017 serikali ya Justin Trudeau ilikuwa imepanga kununua ndege mpya 18 za Super Hornet kutoka Boeing ili kuziba pengo wakati nchi ikitafuta ndege ya kudumu. Kampuni hiyo ikaingia kwenye mgogoro wa kibiashara na Bombardier ya Canada, mpango ukafa, na mwisho wa mwaka serikali ikatangaza kwamba itanunua F/A-18 zilizotumika kutoka Australia. Zilikuwa ndugu wa damu wa CF-18 ambazo Canada inaziendesha tangu miaka ya 1980, kwa hiyo mantiki ilionekana nzuri: marubani wanaifahamu, mafundi wanaifahamu. Ndege 18 zingeruka na nyingine 7 zingenyofolewa vipuri. Bei ya miili yote 25 ilikuwa dola za Canada milioni 90.

Februari 2019 Ofisa wa Bajeti wa Bunge akaja na hesabu yake. Alijumlisha ununuzi, usafirishaji, ukaguzi, maboresho, vipuri na uendeshaji hadi ndege hizo zitakapostaafu. Akapata kati ya dola bilioni 1.09 na bilioni 1.15. Wizara ya Ulinzi yenyewe ilikuwa imekadiria milioni 895. Chukua hata hesabu ya chini ya ofisa huyo: bei ya kununulia ndege ni chini ya asilimia 9 ya gharama yote. Mwananchi aliyesikia "milioni 90" alikuwa amesikia pungufu ya senti 9 katika kila dola.

Na hata bilioni hiyo haikuwa kiini cha tatizo. Miezi michache kabla, katika ripoti za msimu wa vuli wa 2018, Mkaguzi Mkuu wa Canada alikuwa ameangalia jeshi la anga akakuta limepungukiwa watu kuliko lilivyopungukiwa ndege. Lilikuwa na asilimia 64 tu ya marubani wa CF-18 waliohitajika. Kati ya Aprili 2016 na Machi 2018 liliondokewa na marubani 40 waliofuzu, likazalisha 30. Nafasi 22 katika kila 100 za mafundi zilikuwa wazi au zimekaliwa na watu wasiokamilisha mafunzo. Kwa maneno mengine, serikali ilikuwa inaongeza ndege katika jeshi lisilokuwa na wa kuzirusha wala wa kuzitengeneza. Mkaguzi aliyasema hayo waziwazi, kwa tarakimu, katika ripoti ambayo mtu yeyote angeweza kuisoma. Hapo ndipo ninapoionea Canada wivu. Ilifanya uamuzi wa kutiliwa shaka kama nchi nyingi zinavyofanya, lakini ilikuwa na watu wawili wenye mamlaka ya kisheria ya kuhesabu na kutangaza walichokiona.

Argentina ni kisa cha namna nyingine. Ilistaafisha Mirage zake za mwisho mwaka 2015 na kubaki bila ndege yoyote inayopita kasi ya sauti. Ilitafuta kila mahali. Uingereza, ambayo haijasahau vita vya visiwa vya Falkland vya 1982, ilizuia njia nyingi, kwa sababu ndege nyingi za kisasa zina kifaa hiki au kile kilichotengenezwa Uingereza. Mwaka 2020 ndege ya FA-50 ya Korea Kusini ilikwama hivyo hivyo. Aprili 2024 ikasaini na Denmark kununua F-16 zilizotumika 24 kwa takriban dola milioni 300. Marekani, inayozitengeneza F-16, ilitoa idhini, na pia msaada wa dola milioni 40. Ndege 6 za kwanza zilitua Argentina Desemba 2025.

Milioni 300 kwa ndege 24 ni milioni 12.5 kila moja, na siyo bei mbaya. Lakini Oktoba 2024 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikuwa imeidhinisha kuiuzia Argentina makombora, mabomu, mafunzo na huduma za kuziwezesha ndege hizohizo kufanya kazi, kwa makadirio ya hadi dola milioni 941. Makadirio ya namna hiyo huwa ni dari, na mnunuzi anaweza kuchukua pungufu. Hata hivyo uwiano unajieleza: kwa kila dola 1 ya ndege, dola 3 nyingine ziliwekwa mezani ili ndege iwe silaha badala ya pambo la gwaride.

Halafu kuna jambo ambalo halikuwa kwenye bei yoyote. Ndege za zamani za Argentina, A-4 na Super Étendard, hujaziwa mafuta angani kwa mrija mrefu unaoning'inia nyuma ya ndege ya mafuta aina ya KC-130. Rubani anausogelea na kuuchomeka kwenye mdomo ulio mbele ya ndege yake. F-16 haina mdomo huo. Tundu lake liko mgongoni, na linahitaji ndege ya mafuta yenye mkono wa chuma unaoshushwa na mwendeshaji. KC-130 za Argentina hazina mkono huo. Nchi yenye urefu wa kilomita zaidi ya 3,500 kutoka kaskazini hadi kusini imepata ndege mpya ambazo ndege zake za mafuta haziwezi kuzijaza hata tone. Ili kuliondoa tatizo hilo inabidi inunue aina nyingine ya ndege, yenye marubani wake, mafundi wake na vipuri vyake. Hivyo ndivyo ununuzi mmoja unavyozaa mwingine.

Bado ninaamini Argentina ilifanya sawa. Haikuwa na njia ya kununua mpya, na F-16 ni ndege inayorushwa na nchi nyingi kiasi kwamba vipuri vitapatikana kwa miongo mingine miwili. Mitumba siyo dhambi, ila ruhusa ya kuihamisha iulizwe mapema. Croatia ilijifunza hilo kwa njia ngumu: mwaka 2018 ilichagua F-16 za Israel 12 kwa karibu dola milioni 500, na Januari 2019 mpango ukavunjika kwa sababu Marekani haikukubali ndege hizo zihamishwe zikiwa na mitambo iliyoongezwa na Waisraeli. Novemba 2021 ikasaini kununua Rafale 12 zilizotumika kutoka Ufaransa kwa euro milioni 999. Ndege uliyoinunua Tel Aviv ruhusa yake iko Washington, na kuuliza swali hilo baada ya zabuni ni kuchelewa.

Sasa tuje kwenye gharama ya kila siku. Katika hesabu za Marekani, F-16 kuruka saa moja inagharimu zaidi ya dola 20,000 ukijumlisha mafuta, vipuri na watu. NATO inataka rubani wake wa ndege za kivita aruke saa 180 hivi kwa mwaka ili abaki na uwezo. Zidisha: dola milioni 3.6 kwa rubani mmoja, mwaka mmoja. Mshahara wa fundi wetu ni mdogo kuliko wa Mmarekani, kweli, lakini kipuri hakina bei ya Kiafrika, na mara nyingi sisi tunakipata kwa mkono wa tatu. Nchi yenye marubani 12 ikiamua kuwarusha nusu tu ya saa hizo bado inatazama zaidi ya dola milioni 20 kila mwaka, miaka 15 mfululizo. Pesa zisipokuwepo, kinachokatwa kwanza ni saa za kuruka, kwa sababu hakuna anayeziona. Rubani anabaki na cheo na sare, na ustadi unamtoka taratibu.

Afrika Kusini imetuonyesha kwamba upya wa ndege haukingi balaa hilo. Ndege zake 26 za kivita za Gripen zilinunuliwa zikiwa mpya kutoka Sweden. Mwaka 2021 zote zilikaa chini kwa sababu mkataba wa matengenezo na kampuni ya Saab ulikwisha na fedha za kuuhuisha hazikuwepo. Ndege nzuri, marubani wazuri, hanga safi, na anga tupu kwa takriban mwaka mzima.

Msumbiji inanigusa kwa karibu kwa sababu yaliyotokea kaskazini mwake yalivuka mto Ruvuma hadi kwetu Afrika Mashariki. Kati ya 2013 na 2014 nchi hiyo ilipokea MiG-21 zake 8 zilizofufuliwa na kiwanda cha Aerostar cha Romania. MiG-21 ni ndege ya miaka ya 1950, iliyotengenezwa kuwahi ndege nyingine juu angani kwa kasi kubwa na kurudi haraka, kwa sababu mafuta yake ni machache. Oktoba 2017 wapiganaji waliuvamia mji wa Mocímboa da Praia, na vita vya jimbo la Cabo Delgado vikaanza: watu wenye bunduki na mapanga, msituni, vijijini, kwenye barabara za mchanga. Aprili 2020 walioletwa kupigana kutoka angani walikuwa kampuni binafsi ya Afrika Kusini, Dyck Advisory Group, yenye helikopta ndogo na ndege nyepesi. Fedha ya kufufua ndege za kasi ilikuwa imeshatumika, na adui aliyekuja hakuwa na hata ndege moja ya kukimbizwa. Wananchi wa Mocímboa na Palma walihitaji helikopta za kuwaokoa na ndege ndogo za kupeleleza. Uchungu wa hilo hauko kwenye vitabu vya hesabu peke yake. Kuna familia zilivuka mto kwa mitumbwi zikaingia Mtwara.

Na Kenya? Ilianza kuzipata ndege za kivita za F-5 kutoka Marekani mwaka 1978, na kambi yake ya Nanyuki, leo Laikipia, imezitunza kwa miongo mingi. Kuanzia Oktoba 2011 zilitumika Somalia, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ni ndege za maonyesho. Mwishoni mwa miaka ya 2000 Kenya ikaongeza F-5 zilizotumika kutoka Jordan. Bei iliyotajwa magazetini ilikuwa takriban shilingi bilioni 1.5 kwa ndege 15, mafunzo na vipuri vikiwemo. Ununuzi huo ulikuja kuhojiwa hadharani, hoja kubwa ikiwa ndege ambazo hazikuwa zikiruka.

Watu wengi waliulaani ununuzi ule kwa kusema tuliuziwa vyuma chakavu kwa bei ya kuruka. Mimi nadhani bei yenyewe haikuwa kashfa. Kwa kiwango cha fedha cha wakati ule inakuja kama dola milioni 1.5 kwa ndege. Katika bajeti ya 2020 Marekani yenyewe ilitenga dola milioni 39.7 kununua F-5 zilizotumika 22 kutoka Uswisi, yaani dola milioni 1.8 kila moja, ili zicheze nafasi ya adui katika mazoezi ya marubani wake. Taifa tajiri kuliko yote linanunua F-5 kuukuu kwa bei inayokaribiana na yetu. Tofauti iko kwenye kilichofuata. Wamarekani walijua kwamba milioni 1.8 ni bei ya mwili, wakapanga fedha nyingine za kuzifanyia matengenezo na kuziwekea vyombo vipya kabla ya kuzirusha. Kwetu bei ya mwili ilitajwa kana kwamba imejumlisha mafunzo, vipuri na maisha yake yote. Bei ndogo kiasi hicho, inayodai kubeba kila kitu, ndiyo iliyopaswa kuwashtua wabunge.

Haikuwashtua kwa sababu hawakupewa nafasi ya kushtuka. Silaha katika kanda yetu hununuliwa kwa usiri, na usiri huo umelinda madalali kuliko ulivyolinda mipaka. Uganda ilijionea mwaka 1998 iliponunua helikopta 4 za Mi-24 zilizotumika kutoka Belarus. Zilizofika hazikufaa kuruka. Tume ya uchunguzi ya Jaji Julia Sebutinde ikaja kusikia kwamba Salim Saleh, mdogo wake Rais, alikuwa ameahidiwa kamisheni ya dola 800,000. Miaka 13 baadaye, mwaka 2011, nchi hiyohiyo ilinunua ndege mpya 6 za kivita za Sukhoi Su-30 kwa zaidi ya dola milioni 700, na fedha zikatoka Benki Kuu kabla Bunge halijaidhinisha. Adui wa Uganda hangepata faida yoyote kwa wabunge kuijua mapema bei ile. Aliyepata hasara kwa kutojua ni mlipa kodi.

Ninachokitaka kutoka kwa Kamati ya Ulinzi, iwe ya Nairobi, Dodoma au Kampala, hakigusi siri ya vita. Isipokee bei ya ndege pasipo gharama ya miaka 15 iliyokokotolewa na mtu asiye chini ya wizara inayonunua. Ipewe idadi ya saa zilizobaki katika kila mwili wa ndege, namba kwa namba, kutoka kitabu chake cha kumbukumbu, na barua ya idhini ya nchi iliyoitengeneza kabla malipo ya awali hayajatoka. Iulize una marubani wangapi leo na wangapi wameacha kazi miaka miwili iliyopita, swali ambalo Mkaguzi wa Canada aliliuliza na likabadilisha mjadala mzima. Jina la dalali liandikwe kwenye mkataba, au iandikwe kwamba hayupo. Mambo ya rada na makombora yajadiliwe faragha, sina ugomvi na hilo. Bei ya matairi, baruti ya viti na mshahara wa mafundi haimsaidii adui yeyote.

Kusimama nusu ya njia kunawezekana pia. Indonesia iliwahi kupewa na Marekani F-16 24 kama msaada, na kuziboresha tu kukakadiriwa kufika dola milioni 750, kwa hiyo ilikuwa inajua maana ya ndege za bure. Mwaka 2023 wizara ya ulinzi iliyokuwa chini ya Prabowo Subianto ilikubaliana kununua Mirage 2000-5 zilizotumika 12 kutoka Qatar kwa karibu dola milioni 800, na wabunge na wachambuzi wakapiga kelele kuhusu umri wake na maisha yaliyobaki. Januari 2024 wizara ikatangaza kwamba ununuzi umesitishwa kwa sababu bajeti hairuhusu, na kwamba badala yake itaziboresha Sukhoi na F-16 ilizokuwa nazo.